Maji ya moto kwenye kijito cha uduvi



Wiki sita zilizopita, baada ya swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Pangani ilipokea barua ya maombi. Mwandishi wake ni ndugu yetu katika imani, mtu wa safu ya mbele, anayekusudia kujenga kiwanda kidogo cha barafu. Kiwanja chake kipo juu, kando ya barabara. Baina ya kiwanja hicho na kijito cha mikoko kinachoingia mtoni pana kipande cha ardhi ya wakfu, chenye minazi michache, ambacho msikiti umekirithi tangu enzi za wazee wa wazee wetu. Alichoomba ni ruhusa ya kupitisha bomba katika ardhi hiyo, na kwa ruhusa hiyo angelipa kodi kila mwezi. Hakuficha jambo. Alieleza kwamba maji yatavutwa kutoka mtoni, yatapita kwenye mashine ili kuipoza, kisha yatamwagwa kijitoni. Hayatatiwa dawa wala hayatagusana na mafuta. Yatarudi kama yalivyochukuliwa, isipokuwa yatakuwa na joto kidogo.

Paa la msikiti wetu linavuja upande wa kibla. Msimu wa masika uliopita tulisali Ijumaa mbili na ndoo zimewekwa mbele ya maamuma. Kwa hiyo barua ile iliposomwa, nyuso zilikunjuka. Mwenyekiti akanigeukia mimi, katibu wake, akasema, "Ustadh, wewe ndiye uliyesoma. Maji hayo yana tatizo gani?"

Nami nikajibu kwa haraka ya mtu anayefurahi kuulizwa alichokisoma. Nilisema kwamba maji hutoka katika hali yake ya asili yanapobadilika rangi, ladha au harufu kwa kuchanganyika na kitu kingine, na haya hayajachanganyika na chochote. Nikaongeza mlango ambao kila aliyesoma Matni ya Abu Shujaa katika vyuo vyetu vya pwani anaukumbuka, wa mafungu manne ya maji. Fungu la pili ni maji yaliyopashwa moto na jua: ni tohara na yanatoharisha, ila ni makuruhu kuyatumia mwilini. Nikafafanua masharti yake, kwamba karaha hiyo wameihusisha na nchi ya joto, na chombo cha madini yanayofuliwa kama chuma au shaba, na maji yakiwa bado ya moto. Na kwamba Imamu Nawawi mwenyewe hakuiona karaha hiyo kuwa na dalili ya nguvu. Ama maji ya mabwawa na mahodhi, wanazuoni wameyatoa kabisa katika hukumu hiyo. Basi maji ya kijitoni yana neno gani? Nikaandika katika kumbukumbu za kikao: "Kwa upande wa sharia hakuna pingamizi." Uthibitisho ukaachiwa kikao kinachofuata.

Baada ya siku mbili nilipita nyumba ya bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye amekuwa akitanda uduvi katika kijito kile tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akanisimamisha kwa mkono.

"Mwanangu, nasikia mmekwisha kupitisha bomba."

"Bado, bibi. Ila hatukuona ubaya. Ni maji tu, yana vuguvugu."

"Hilo vuguvugu mmelipima kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila ya kupandisha sauti: "Nyinyi mmeulizana kama maji yale yanafaa kutawadhia. Mbona hamkuulizana kama uduvi wataweza kukaa ndani yake?"

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba swali lile lilinikosesha raha, kwa sababu lilinionyesha kwamba nilitoa jawabu sahihi kwa swali lisiloulizwa. Masharti ya wanazuoni kuhusu maji ya jua yalihusu dhara inayohofiwa katika ngozi ya mwanadamu. Mimi niliyabeba maneno hayo na kuyapeleka kijitoni, ambako mwenye kudhurika hana ngozi ya kutawadhia. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, na makala ya leo ni matokeo yake.

Nilianza na barafu yenyewe. Wengi wetu tunadhani kwamba mashine ya barafu "inatengeneza baridi". Baridi haitengenezwi. Kinachofanyika ni kuhamisha joto kutoka hapa na kulipeleka pale. Joto linalotolewa katika kilo moja ya maji ili yagande, peke yake, lingetosha kuipasha kilo nyingine ya maji yaliyo karibu na kuganda hadi yafikie nyuzi 80. Kila kipande cha barafu tunachokiona kimeacha joto lake mahali fulani. Juu ya hilo kuna joto la kazi ya mashine yenyewe, kwa kuwa umeme inaoula nao huishia kuwa joto. Mahali litakapokwenda joto hilo lote ni pawili tu, hewani au majini. Kulipeleka majini ni rahisi zaidi: unavuta maji ya mto, unayapitisha, unayamwaga. Huu ndio utaratibu uleule unaotumiwa na mitambo mikubwa ya umeme duniani, tofauti ikiwa ni ukubwa.

Na maji yakipata joto hupungukiwa na kitu ambacho jicho halikioni. Lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takriban miligramu 9 za hewa ya oksijeni iliyoyeyuka. Ikifika nyuzi 30, inabeba miligramu 7 na nusu hivi. Maji ya chumvi hubeba pungufu zaidi. Wakati huohuo viumbe wasio na joto lao la mwili, kama samaki, kamba na kaa, mwili wao hwenda mbio kadiri maji yanavyopata moto. Kwa kukadiria, nyongeza ya nyuzi 10 huweza kuzidisha haja yao ya oksijeni mara mbili. Riziki inapungua na ulaji unaongezeka kwa wakati mmoja. Samaki mkubwa huogelea akaenda zake. Lakini yai haliogelei, wala chaza aliyeshika mzizi wa mkoko hahami.

Hapa pana jambo ambalo mimi nilikuwa nikilifahamu kinyume. Nilidhani kwamba viumbe wa pwani yetu, kwa kuwa wamezaliwa katika joto, watastahimili joto kuliko wale wa nchi za baridi. Wataalamu wa bahari wanasema mambo si hivyo. Kiumbe wa maji ya baridi amezoea kiangazi na kipupwe, na maji yake yanapanda na kushuka sana kwa mwaka. Bahari yetu huwa kiasi cha nyuzi 25 wakati wa kusi na hufikia 29 au 30 mwisho wa kaskazi, basi. Viumbe wengi wa nchi za joto wanaishi karibu sana na ukomo wao wa juu.

Niliamua kupima. Sikuwa na kipimajoto cha maji, nikachukua kile cha homa cha watoto wangu (mama yao hakufurahi, na baadaye ilibidi ninunue kingine). Vipimo vya aina hiyo vingi havisomi chochote chini ya nyuzi 32. Huandika herufi mbili za kukuambia kwamba joto liko chini mno. Mtoni, penye mkondo, kiliandika herufi hizo. Kwenye mdomo wa kijito, vilevile. Lakini saa saba ya mchana, maji yamekupwa, nilikiingiza katika kidimbwi kilichobaki kati ya mizizi ya mikoko, na kikatoa tarakimu kama kilichowekwa kwapani mwa mtoto. Hapo ni kabla ya bomba lolote. Na katika kidimbwi kile, wallahi, kulikuwa na uhai: vijikamba visivyozidi ukucha, samaki wadogo, kaa aliyenitolea gando.

Vijikamba hivyo havikuzaliwa pale. Kambamti hutaga baharini, watoto wake huchukuliwa na maji hadi kwenye midomo ya mito na vijito vya mikoko, hukaa humo wakikua, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Kijito kile ni kama chuo cha watoto. Mwenye jarife anayewavua huko nje hajui kwamba walilelewa nyuma ya msikiti.

Mzee mmoja nahodha alinifunza hesabu nyingine ambayo barua ya maombi haikuigusa. Wakati wa bamvua, alisema, bahari huingia kijitoni kwa nguvu na kutoka kwa nguvu; bomba likimwaga maji ya moto, mkondo utayachukua na kuyasambaza, na huenda mtu asione tofauti yoyote. Lakini yakija maji mafu, kijito kinapumua kwa shida. Maji yanapanda kidogo na kushuka kidogo, na yaliyomo ndani yanabaki siku kadhaa yaleyale. Mashine ya barafu haijui bamvua wala maji mafu. Itamwaga usiku na mchana. Na tena, kwa bahati mbaya, msimu wa kaskazi wenye joto kali na bahari tulivu ndio msimu ambao barafu inahitajika kwa wingi. Joto la kiwanda litakuwa kubwa pale hasa ambapo kijito hakina nafasi ya kulipokea.

Kwa mtu anayetaka kuona nyuzi mbili tatu zinaweza kufanya nini, hana haja ya kwenda mbali. Avuke bahari hadi Unguja. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na kwa miaka mingi kimekuwa mikononi mwa akina mama. Wakulima wake wanazijua aina mbili: spinosum, yenye bei ndogo, na cottonii, yenye bei nzuri. Hii ya bei nzuri ndiyo isiyostahimili joto. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata moto, cottonii ilianza kulainika, kupauka na kukatika kambani, na mashamba mengi ya aina hiyo yakaachwa. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani ambaye jina lake linajulikana na kila mwanakikundi wa Paje, amekuwa miongoni mwa waliojaribu kuuhamishia mwani kwenye kina kirefu chenye maji ya baridi zaidi. Lakini shamba la kina kirefu linataka chombo na linataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wa akina mama hao walizoea kwenda shambani kwa miguu. Nyuzi chache za joto, na mwanamke aliyekuwa na kipato chake mwenyewe anahitaji mtumbwi.

Matumbawe nayo yalitoa ushahidi wao mwaka 1998, pale bahari yote ya upande huu wa Hindi ilipopata joto lisilo la kawaida. Tumbawe huishi na mimea midogo mno ndani ya mwili wake, inayolilisha na kulipa rangi. Joto likizidi kiasi cha nyuzi moja juu ya kawaida ya mwezi wa joto kuliko yote, na likidumu kwa wiki kadhaa, tumbawe huitoa mimea hiyo na kubaki jeupe. Joto lisipopungua, hufa kwa njaa. Matumbawe ya Tanzania yalipauka mwaka ule, katika sehemu nyingine vibaya sana. Joto lile halikutoka katika bomba la mtu. Lakini tumbawe haliulizi limetoka wapi.

Sasa niseme juu ya Lamu, kwa kuwa ndugu zetu wa huko walisimama mbele ya jambo hilihili kwa ukubwa usiolinganishwa na kiwanda cha barafu. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 mahali panapoitwa Kwasasi, kando ya bahari, si mbali na mji wa kale wa Lamu ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Magazeti yaliandika mno juu ya moshi na majivu, na ni kweli kwamba hayo ndiyo yanayoonekana. Lakini wavuvi walikuwa na hofu nyingine pia: maji. Mtambo wa makaa, katika kila mafungu matatu ya joto linalochomwa, hugeuza takriban fungu moja tu kuwa umeme. Mengine hutoka kwa bomba la moshi, na sehemu kubwa hutoka kwa maji ya kupozea. Mtu akiambiwa megawati 1,050 za umeme, aelewe kwamba joto zaidi ya hilo litatafuta pa kwenda, na pa kwenda palipokusudiwa ni bahari wanayovua watu wa Lamu.

Kikundi cha Save Lamu na wenzao wakaenda katika Baraza la Taifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likaifuta leseni. Sababu iliyotajwa mbele ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari haikukamilika. Mimi nimeirudia sababu hiyo mara kadhaa kichwani. Watu walikuwa wameitwa kwenye mikutano, na bado baraza lilisema hawakushirikishwa, kwa kuwa kumwita mtu na kumpa habari kamili ya kumwezesha kuhukumu ni mambo mawili. Nikautazama mkono wangu ulioandika "hakuna pingamizi" bila ya kumuuliza hata mmoja katika wale wanaoingia kijitoni.

Walioendelea kutangulia wamekwisha kupita njia hii, na hawakuimaliza kwa wepesi. Katika jimbo la Florida, Marekani, mitambo ya umeme ya Turkey Point ilianza kazi mwaka 1967 na kumwaga maji yake ya moto katika ghuba ya kina kifupi iitwayo Biscayne. Nyasi za bahari zilizokuwa karibu na mdomo wa mfereji zikafa, na mahali pale pakawa uwanda mtupu. Mwaka 1970 serikali ya nchi hiyo ikaishitaki kampuni ya umeme. Suluhu ilikuwa kuchimba mifereji ya kupozea inayozunguka ndani kwa ndani kwa kilomita zipatazo 270, ili maji yapoe humo bila ya kugusa ghuba. Miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba mifereji hiyo, kwa kuvukiza maji, imezidi kuwa na chumvi, na chumvi hiyo imepenya katika maji ya ardhini. Na kule Ufaransa, katika viangazi vikali vya 2003 na 2022, baadhi ya mitambo ya nyuklia ilibidi ipunguze uzalishaji, kwa sababu mito iliyokuwa ikiipoza ilikuwa tayari ina joto kupita kiasi.

Si kila joto la maji hutoka bombani, na hapa Pangani tuna mengine ya kujihesabu. Mkoko unapokatwa kwa ajili ya boriti au tanuri la chokaa, kidimbwi kilichokuwa kivulini hubaki juani. Mto wetu nao hautufikii kama ulivyokuwa. Umetoka Kilimanjaro na Meru, umesimama katika bwawa la Nyumba ya Mungu, bwawa pana lisilo na kina, umechotwa kwa mashamba, umezungusha mitambo ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na ndipo unatukuta sisi. Mto uliopungua hupata moto upesi kuliko mto uliojaa, kama sufuria yenye maji kidogo. Kwa hiyo bomba la ndugu yetu halingemwaga katika kijito kizima, lingemwaga katika kijito ambacho wengine wamekwisha kukidai.

Niliangalia sheria pia, kwa kuwa kamati ya msikiti si mahakama wala si idara ya serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira ya hapo, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Kumwaga maji yaliyotumika katika mto au kijito kunahitaji kibali, na kwa mto wetu mwenye kutoa kibali ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Vilevile kuna viwango vya kitaifa, na joto limetajwa humo pamoja na sumu na takataka nyingine: maji yanayomwagwa yawe kati ya nyuzi 20 na 35. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata kiwango kinataka akili ya mahali. Maji ya nyuzi 35 katikati ya mkondo wa mto Pangani yatapotea kwa hatua chache. Katika kidimbwi changu cha saa saba mchana, wakati wa maji mafu, yatabaki. Mashirika ya kimataifa yanayokopesha viwanda hutumia kipimo kingine ambacho nimekipenda zaidi: maji ya asili yasipandishwe zaidi ya nyuzi 3 kwenye ukingo wa eneo la kuchanganyikia, na kama eneo hilo halikuainishwa, ni mita 100 kutoka bombani. Kipimo hiki kinauliza maji yanayopokea yamekuwaje. Ni swali la bibi, limevaa suti.

Kikao cha pili kilikuwa kirefu. Niliomba kwanza maneno yangu ya kikao kilichopita yafutwe katika kumbukumbu, na nikaeleza kwa nini. Haikuwa rahisi kusema hivyo mbele ya wazee. Mweka hazina aliuliza, kwa haki kabisa, paa litaezekwa kwa nini, na kama mwenye dhamana ya wakfu anaruhusiwa kukataa manufaa yaliyokuja yenyewe mlangoni. Nilimjibu kwamba dhamana ya wakfu ni kuutafutia manufaa ambayo hayakutolewa katika mfuko wa jirani. Uduvi wa kijito kile ni ada za shule za watu tunaowajua majina. Tungeezeka paa kwa fedha zao bila ya wao kutoa idhini.

Nahodha yuleyule aliyenifunza habari ya maji mafu ndiye aliyenipinga kwa nguvu zaidi. "Mimi natoka baharini na samaki wa usiku mzima," alisema. "Nikikosa barafu, ifikapo saa tano mchuuzi ananipa bei anayotaka yeye, na mimi sina ulimi. Msimfukuze huyu mtu." Ana haki. Barafu ni neema kwa mvuvi, na samaki anayeoza ufukweni ni uharibifu vilevile. Kama tungemjibu ndugu yetu kwa neno la "hapana" peke yake, tungekuwa tumewalinda akina mama kwa kuwaumiza waume zao.

Baada ya majadiliano tulikubaliana hivi. Bomba la kumwaga kijitoni lisipite katika ardhi ya wakfu kama lilivyochorwa. Akitaka, msikiti utamkodisha sehemu ya juu ya kipande hicho, mbali na mikoko, ajenge mnara mdogo wa kupozea, ambamo maji hudondoka yakapulizwa na upepo, yakapoa na kurudi mashinini, badala ya kuvutwa mapya kila saa. Maji kidogo yatakayobaki ya kumwagwa yapelekwe kwenye mkondo mkubwa wa mto, si kijitoni, kwa kibali cha Bodi ya Bonde na kwa kipimo. Na kabla ya kutia saini, wanaotanda uduvi na wenye madema waitwe, wasomewe barua nzima.

Ndugu yetu alipopata barua yetu hakufurahi. Mnara una gharama, na alisema kwamba angekuwa anamwaga rangi au mafuta angefahamu, lakini kuzuiliwa kwa ajili ya maji masafi ni jambo ambalo hajapata kulisikia. Sikumlaumu. Wiki sita nyuma mimi nilisema hivyohivyo, tena kwa dalili za vitabu. Nilimchukua tukaenda kijitoni maji yamekupwa, akavua viatu, akatia mguu kwenye kidimbwi, akautoa. Hakusema kitu. Siku ya tatu alinitumia ujumbe akiuliza kama namfahamu fundi yeyote Tanga aliyewahi kufunga mnara wa namna hiyo. Simfahamu, msomaji anayemjua amwelekeze kwa kamati yoyote ya msikiti hapa Pangani, watatufikishia.

Kikao cha tatu ni Jumamosi ijayo baada ya Isha, naye ameahidi kuja na mchoro mpya. Paa bado linavuja, na ndoo tumeziosha tayari kwa masika. Bibi amealikwa rasmi, kwa barua yenye muhuri. Ameipokea, akaisoma yote, na kunijibu kwamba atakuja, maadamu usiku huo usiwe wa kutanda.